Wali Mtamu wa Panya na Ukuta wa Ubongo

Tarehe thelathini Juni, Dkt. Vasantha Ranganathan anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu hapa Chennai. Muda wote huo alishughulikia jambo moja: ukuta mwembamba unaochuja kinachotoka kwenye damu kuingia ubongoni, na jinsi sukari ikizidi mwilini kwa muda mrefu inavyoulegeza. Panya hutiwa rangi ya buluu mshipani. Ukuta ukiwa mzima, ubongo hubaki mweupe. Ukivuja, rangi hupenya.

Ukali wake tunaujua. Aliyewahi kuweka kahawa karibu na darubini yake hakurudia.

Mwaka mmoja alikuwa akichunguza kama ukuta uliovuja hupona sukari ikishushwa. Majibu yalikaribia, ikaja Pongal, sikukuu yetu ya mavuno, yenye siku yake ya kuwashukuru ng'ombe kwa kazi yao: pembe hupakwa rangi, nao hulishwa wali wa sukari guru. Mtunza panya wetu, Murugesan, aliona panya nao ni wafanyakazi. Akawagawia wote wali, hata wale tuliokwisha kuwashusha sukari kwa taabu.

Mkurugenzi alisema siku moja haibomoi ukuta, tuendelee. Sote tulijua kwamba mumewe Vasantha, mwalimu Raghavan, alikuwa na kisukari cha siku nyingi na ameanza kupotea njia ya nyumbani. Tulidhani Vasantha ndiye angekubali kwanza.

“Mimi nalitaka hili jibu kuliko ninyi nyote,” alisema, “kwa hiyo msiniamini. Tunaanza upya.”

Murugesan alikuwa ameshafunga virago. Vasantha akamfuata mlangoni.

“Mwakani wavishe maua, Murugesan. Utamu tuachie sisi tunaojiua kwa hiari.”

Tangu hapo vizimba huvishwa asumini kila Pongal, na wageni hutucheka.

Jibu lilipatikana baada ya miaka miwili. Kwa panya wetu waliowahiwa kushushwa sukari, ukuta ulikaza tena. Kwa waliocheleweshwa, uliendelea kuvuja. Alilisoma mkutanoni kwa sauti yake ya kila siku, akaketi. Mwalimu Raghavan alikuwa na kisukari hicho tangu ujanani. Iliniuma, na bado inaniuma.

Sasa anarudi nyumbani kwa mumewe, ambaye asubuhi nyingine humwuliza, “Wewe ni nani?” Vasantha humjibu, jina na ndoa yao, bila kupunguza kitu.

Amma, mama yetu, asante kwa kazi. Tunakuombea asubuhi nyingi ambazo hutaulizwa.