Kilio cha Salum Katikati ya Wimbo

Salum Mbaruku, mhudumu mkuu wa mkahawa wetu wa Kimeksiko hapa hotelini West Bay, Doha, anastaafu tarehe 30 Novemba 2017 baada ya miaka kumi na minne. Alitoka Tanga, akaanzia kuosha vyombo, na kwa ucheshi wake ikaonekana ni dhambi kumficha jikoni. Akapewa trei.

Mwimbaji wetu, Mzee Eusebio, huimba mapenzi ya kwao Meksiko, na mapenzi ya kwao, jamani, ni kuachwa tu: mke kahama, mume kalewa, rafiki kamchukua mke wa mwenzake. Kwao wimbo kama huo hausikilizwi kimya. Aliyeguswa hupaza kilio kirefu katikati ya ubeti, nusu kucheka, nusu kulia. Wageni wa Doha walikuwa wakila tu. Mzee Eusebio alilalamika kwamba anaziimbia kuta.

Salum ndiye aliyemwokoa. Jioni moja, sahani tele mikononi, aliachia kilio hadi mlinzi wetu Japheth akaja mbio na mtungi wa kuzimia moto, akidhani jikoni kunaungua! Tangu hapo kilio kikawa kazi yake. Wageni walikuja kumsikia kutoka hata mji wa Al Wakrah. Yeye alisema hana cha kulilia: mkewe Rukia anamngoja Tanga, na nyumba wanayojenga inasimamiwa na Amiri, rafiki yake tangu utotoni. Huyo Amiri alimsifu mpaka tukachoka.

Mwaka 2011 Rukia aliomba talaka kwa simu. Salum akampa, akidhani amechoka kungoja. Eda ilipokwisha, dada yake Salum akampigia: Rukia ameolewa na Amiri, na wanaishi katika nyumba ileile.

Tulimsihi apumzike. Akakataa, akafunga aproni. Mzee Eusebio alipofika kwenye ubeti wa rafiki msaliti, Salum akalia, na safari hii hamkuwa na kicheko ndani yake. Gita likanyamaza. Wageni wakasimama kumpigia makofi. Mimi nilikimbilia stoo, nikalia hadi kwikwi.

Nilimuuliza baadaye kwa nini haachi. Alisema chumbani kwao, kwenye makazi ya wafanyakazi, wanalala wanane, na mwanamume akilia pale atajibu maswali mpaka asubuhi. Hapa analia, kisha anauliza mezani kama waongezewe wali.

Likizo zote za baadaye alizimalizia Doha. Sasa hana pa kuikwepa Tanga. Dada yake amemwandalia chumba, mtaa uleule wa nyumba ile, na Salum ameniambia waziwazi kwamba anaogopa. Anaogopa kukutana nao njiani, awasalimie kwa upole kama desturi yake, na kilio kisitoke.

Mzee Salum, asante kwa yote. Leo kwenye sherehe Mzee Eusebio ataimba ule wimbo. Wewe keti, ule, usimwondolee mtu sahani. Ubeti ule ukifika, zamu ya kulia ni yetu: Japheth ataanza, nami nitafuata. Uende salama, uzee wako uwe mtamu, na ukikutana nao njiani, lia. Sauti unayo.

Milka Nyanchama, mhudumu mwenzake