Nani Aliwafundisha Wafua Nguo?

Ukuta wa nyuma wa banda la video ulikuwa wa mabati, na benchi liliegemezwa hapo hapo, hivyo aliyekaa benchini aliisikia filamu mgongoni mwake hata kama hakulipa kiingilio. Mbele ya benchi palikuwa na jiko la mkaa, juu ya jiko birika kubwa, na nyuma ya birika mwanamke ambaye kijiwe kizima kilimwita Dada Birika, naye alishazoea kuitika. Alasiri ile wateja wake watatu walikuwa wanasubiri mlango ufunguliwe, na kila mmoja alikuwa na hakika. Wembe, kinyozi, alizaliwa na hakika yake. Fundi Chaji, mtengeneza simu, alipata mpya kila siku. Profesa aliwahi kusoma chuo kikuu mwaka mmoja, na tangu hapo hajamruhusu mtu asahau.

Kilichowachemsha ni maandishi ya chaki mlangoni: WAFUA NGUO, LEO MWISHO. Mwenye Banda alikuwa ameichoka. Wiki nzima ameionyesha kwa viti vitupu, na kesho anairudisha alikoikodi, alete moja ya helikopta. Filamu yenyewe haikuwa na bahati tangu mwanzo. Kwenye bango lake waliweka mwanamume mwenye upanga, ambaye ndani ya filamu anakufa kabla watu hawajakaa vizuri. Hadithi ni ya wanawake sita wanaofua mtoni. Tajiri anautaka ukingo wa mto, anatuma vijana wake, wanawake wanapigwa na shuka zinakanyagwa matopeni. Mwishoni wanawake wale wale wanawatandika wale vijana kwa shuka mbichi zilizosokotwa, mpaka tajiri anapanda mti.

Dada Birika aliyajua hayo kwa kusimuliwa. Alichokitaka, na leo ilikuwa nafasi ya mwisho, ni kuona katikati. Maana katika banda lile filamu ya ngumi ilikuwa na sehemu tatu: wanapigwa, kahawa, wanapiga. Mazoezi ya kupigana yakianza tu, wanaume wanainuka, wanatoka nje, wanakunywa, wanarudi wakati wa kulipiza. Ndivyo walivyofanya kwa filamu zote, na yeye mkaa wake aliuwasha kwa kufuata mazoezi ya watu. Kwa hiyo wiki nzima ile sehemu ya katikati aliisikia kupitia bati huku anamimina. Maji yakimwagika. Nguo ikigonga jiwe. Mtu akianguka, chubwi. Kimya. Kisha wanawake wakicheka, kicheko kirefu cha kushika mbavu, halafu nguo ikigonga jiwe tena. Juzi alimuuliza Wembe walikuwa wanacheka nini. Wembe akamjibu bila kupepesa kwamba walikuwa wanamcheka adui. Wakati kicheko kile kinalia, kikombe cha Wembe kilikuwa mkononi mwa Dada Birika, anakijaza.

Sasa walikuwa wanabishana nani aliwafundisha.

Wembe alisema lazima yupo bwana mmoja mafichoni, tena mzee, tena mwenye ndevu. Alizieleza hizo ndevu kwa kirefu, kikazi. Fundi Chaji akasema hakuna cha bwana, wale wenyewe ni wanaume waliovishwa nywele za bandia. Alipoona haijamwingia mtu, akapanda ngazi nyingine. Kumbe hata sita hawakuwa sita. Alikuwa mtu mmoja tu, akapigwa picha mara sita na mashine ikamuunganisha.

— Ndiyo maana hawagombani, alisema. Wanawake sita, jiwe moja la kufulia, na hakuna hata neno?

— Fundi, toa mguu, jiko lina moto, alisema Dada Birika.

Profesa alikuwa ametulia kama mtu anayewasubiri watoto wachoke. Aliweka kikombe chini. Akawaomba wasiwe watu wa juu juu. Hakuna aliyewafundisha, alieleza, kwa sababu hawakupigana. Mto ni ishara. Shuka ni ishara. Tajiri ni ishara kubwa zaidi.

— Na yule kijana wa tajiri aliyeng'oka meno? aliuliza Wembe.

— Meno ndiyo ishara yenyewe.

Hapo akatokea dada mmoja wa makamo, begi begani, mikono imevimba misuli kuanzia viganjani hadi kwenye viwiko na ngozi ya vidole imekunjamana kwa maji. Aliwaamkia, akauliza kama hapa ndipo inapoonyeshwa ile ya wafua nguo. Yeye alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na mwenzake alimwambia kuna filamu ya watu wa kazi yao. Alikuwa na zamu jioni.

— Mwisho nikiukosa si neno, alisema. Kupiga nimeshaona kwingi. Nataka kuona walivyojifunza. Ni nani anawafundisha?

Majibu yalimmiminikia yote matatu kwa pamoja, ndevu, nywele za bandia na ishara. Aliwasikiliza kwa adabu, akimtazama mmoja baada ya mwingine. Hakuwa mtu wa kubisha, ilionekana. Alitaka tu kuelewa.

— Samahani kaka zangu, alisema. Hapo wanapofundishwa, nyinyi mlikuwa mmekaa wapi?

Wembe alijipapasa kidevu. Fundi Chaji akatazama simu ambayo hata betri haikuwa nayo. Profesa alisema hilo ni swali la msingi, akaishia hapo. Kisha wote watatu, kama walioambizana, wakatazama benchi walilokalia.

Kwa Dada Birika, hiyo sehemu ya katikati ndiyo ilikuwa saa ya kuuza. Wakitoka wakamkosa, watakwenda kwa yule muuza kahawa wa kona ya pili, na huenda wasirudi. Upande wa pili kulikuwa na kile kicheko, na kesho helikopta. Akalishika birika kwa mikono miwili, maana lilikuwa limejaa pomoni, akaliteremsha jikoni na kuufukia mkaa kwa majivu.

— Kahawa imekwisha, alisema.

Mdomo wa birika ulikuwa bado unafuka moshi. Hakuna aliyethubutu kuutazama.

Wakaingia. Dada Birika alilipa kiingilio kama mtu yeyote, akakaa nyuma kabisa, kwenye bati lile lile, safari hii kwa ndani, karibu na yule dada wa hospitali. Wanawake walipigwa, shuka zikakanyagwa. Mazoezi yakaanza. Wembe akainuka nusu, kwa mazoea ya miguu, akakumbuka, akakaa.

Hakutokea bwana. Walikuwa sita, wamechuchumaa kwenye maji, wanafua shuka zile zile za matope. Yule mdogo wao akasema, bila kuinua uso, mimi alinikamata hivi. Mwenzake akamshika hivyo hivyo, wakatafuta mkono unavyoweza kutoka. Mwingine akasema, mimi alinivuta nywele. Wakatafuta. Kila mmoja alileta pigo alilopigwa, akaliweka pale jiweni kama nguo chafu, wakalisugua pamoja mpaka likafunguka.

Kisha mkubwa wao, bibi mwenye mguu mbovu, akaichukua shuka akaisokota. Dada Birika akaanza kucheka. Alicheka peke yake na banda zima likageuka, kwa sababu kwenye picha hapakuwa na la kuchekesha bado. Ndipo bibi akairusha shuka, ikamzunguka mwenyewe, akaenda majini, chubwi. Kimya. Na wale wanawake wakaangua kicheko, na safari hii wanaume nao walikuwemo.

— Kumbe walikuwa wanajicheka, Wembe alinong'ona.

Yule dada wa hospitali alikuwa ameinua mikono yake gizani, anasokota shuka isiyokuwepo, polepole, akijaribu.

Hakungoja tajiri apande mti. Alipopita mlangoni alimwambia Mwenye Banda kwamba akiiacha hadi Jumamosi atawaleta wenzake, chumba kizima cha kufulia, zamu zote. Mwenye Banda alijikuna kichwa. Akatazama ndani, akaona vichwa vya kijiwe vimetulia vyote mahali pake. Akatema mate kwenye kiganja na kuifuta ile chaki, akaacha maneno mawili tu: WAFUA NGUO.

Dada Birika alipotoka kuufukua mkaa wake alimkuta Mwenye Banda bado amesimama mlangoni, anamsubiri.

— Sasa hiyo Jumamosi, aliuliza, watu watoke kunywa kahawa saa ngapi?

— Wakishashinda, alisema Dada Birika, akalirudisha birika jikoni.