Kondoo wa Vidole Viwili

Jumanne, saa nne na robo asubuhi, mashine ya kupukuchua mahindi ilinishika mkono wa kulia. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimetoka tu kumuuliza Mama chai ya wafanyakazi imepotelea wapi, naye akaangalia simu akasema, "Robo imepita, vumilia." Hiyo chai sikuinywa.

Akina mama wa chama, mnisamehe nikisoma. Mimi ni mtu wa kuandika. Nikisimama mbele ya watu ulimi unakwama kama trekta kwenye tope la kwetu Ndalu. Mliponiita hapa Bungoma mlisema niwaeleze vile tulipata fidia. Nitawaeleza yote, ila majina sitaji. Wenyewe wanajijua.

Ilikuwa likizo ya Desemba. Mwenye mashine alikuwa anazunguka nyumba kwa nyumba na trekta yake, na mimi nilikuwa kwenye kikundi cha kulisha mashine mahindi. Mkanda wa hiyo mashine ulitakiwa kuwa na kifuniko cha chuma. Kilikuwa kimetolewa. Mama alimuuliza mbele yetu sote, "Na hiki kitu mbona kiko wazi?" Akacheka. "Mama, kikifunikwa mkanda unachemka. Kwani hawa watoto hawana macho?"

Macho nilikuwa nayo. Mkanda ulishika sweta ya shule hapo kwenye mkono, na sweta haikunisubiri.

Hospitalini Kitale waliondoa kidole kidogo na cha pete. Hivyo nilivililia vikaisha. Shida ilibaki kwa kidole cha shahada: kilikuwepo, lakini kilikataa kukunjika. Daktari aliniambia kuna upasuaji mwingine unaweza kukiamsha, kule Eldoret, lakini usicheleweshwe, mshipa ukishagandamana basi. Ndugu zangu, jaribuni kushika kalamu au jembe bila hicho kidole. Jaribuni tu kufunga kifungo. Kwa hivyo mkisikia nikisema fidia, jueni mimi nilikuwa nasema kidole kimoja kilicho hai, na Mama hakuwa na kitu cha kukipeleka Eldoret.

Sasa wiki mbili baadaye, niliporuhusiwa kutoka hospitalini, mwenye mashine akaja nyumbani. Alikuja na mjomba wangu, sukari, unga, na kondoo dume mwenye kichwa cheusi, mnono mpaka anatembea akihema. Alisema sisi ni majirani, mambo ya korti ni ya watu wa mjini, wacha Jumamosi tukae tule tumalizane.

Nyinyi wa huku mnajua, lakini kuna wageni hapa nyuma, acha niseme. Kwetu mtu akikukosea akuletee mnyama, na mle pamoja, neno limefungwa. Hakuna atakayelifungua tena. Ukilifungua, unaonekana mchawi. Ni desturi nzuri ng'ombe wakiingia shamba la mwenzako. Hata kwa makosa ya mdomo, mtu akitukana mwenzake kwenye msiba. Mama alikuwa amechoka, akasema asante. Kondoo akafungwa chini ya mparachichi, akaanza kula mboga zetu.

Alhamisi nilirudi Kitale kubadilishwa bandeji. Kanisa lililo karibu na hospitali lilikuwa limeleta wakili, mama mmoja wa sauti ya chini, anashauri watu bure. Mama alitaka tupite tu. Mimi, mwenye haya, ndiye niliyekaa kwenye benchi. Sijui nilitoa wapi hiyo nguvu. Nadhani ni kukasirikia kondoo.

Nilimuuliza, "Vidole viwili ni bei gani?"

Akasema, "Hakuna duka la vidole, mwanangu. Fidia si bei. Mtu aliyekuumiza kwa uzembe anatakiwa akurudishe pale ulipokuwa. Na kwa sababu hawezi, analipia njia yote unayobaki ukitembea."

Akatueleza hiyo njia. Kuna maumivu yenyewe, na vitu ambavyo mkono hautafanya tena. Kuna pesa mliyokwisha kutumia, na hiyo inataka risiti. Hapo Mama akashika kichwa, kwa maana nyingine tulikuwa tumewashia jiko. Kuna matibabu ambayo hayajafika, kama hiyo Eldoret. Na kuna kazi ambayo ningefanya nikiwa mkubwa. Halafu akasema neno ambalo nililiandika siku hiyo hiyo, kwa mkono wa kushoto, herufi zikianguka kama walevi: "Anayekuja kumaliza kabla daktari hajaandika ripoti, anataka kununua kitu ambacho hata wewe bado hukijui."

Mama akamwambia habari ya kondoo. Wakili akasema kisheria kondoo hawezi kufunga kesi ya mtoto, hata mzazi akikubali makubaliano lazima korti iyaangalie. "Lakini niulize. Waliokuwa pale kwenye mashine ni kina nani?"

"Majirani," Mama akasema.

"Na Jumamosi watakula nao?"

"Watakula."

"Wakishakula, nani atasimama kusema mkanda haukuwa na kifuniko?"

Mama akainuka kwenye benchi, akanishika mkono mzima. Tukarudi nyumbani.

Jumamosi ikafika, na majirani wakafika nayo. Sufuria kubwa lilikuwa limeazimwa. Mjomba alikuwa ananoa kisu na anaimba. Mwenye mashine akasimama akatoa hotuba: ati shetani ndiye aliyetujaribu, ati mtoto amepona na anacheka.

Sikuwa nacheka. Nikasema, "Tusichinje."

Sauti ilitoka ndogo. Mjomba akauliza, "Nani huyo?"

"Ni mimi, Mjomba. Tusichinje."

Mwenye mashine akatabasamu kama mtu anayempa mtoto peremende. "Wee msichana, si ni vidole viwili tu? Uko na vingine vinane. Kwani unahesabu nyota?"

Watu wakacheka. Wengine ni watu ninaowapenda. Nikashika mti, na nilipojisikia nikiongea nilidhani ni mtu mwingine.

"Basi niazime viwili vyako, Baba. Mpaka msimu wa kupanda tu. Nitakurudishia na kondoo."

Kicheko kikageuka kikaenda upande wake. Akakasirika. Akamwambia Mama, "Unaona vile umelea? Mtoto anaongea na wazee!"

Nikajua Mama ataniambia niombe msamaha. Mama yangu ni mtu wa kuomba msamaha hata kwa kiti akikigonga. Akasimama, akajifunga leso upya. "Mimi nilikuuliza kifuniko kiko wapi," akasema. "Ukanicheka. Leo yeye amekuuliza, mcheke tena tuone." Halafu akageukia majirani. "Nyinyi mlikuwepo. Anayetaka nyama ya huyu kondoo, akailie kwa aliyemleta."

Mjomba akakirudisha kisu kwenye ala. Alinuna miezi mingi, lakini alikirudisha. Na mmoja mmoja watu wakaanza kukumbuka kazi walizoacha nyumbani.

Ndugu zangu, nawaambia haikuwa rahisi baada ya hapo. Tuliitwa wenye kiburi, wenye kutaka utajiri wa kidonda. Kesi ilienda polepole, na upande wa pili ukasema na mimi nina kosa, mkono wa sweta ulikuwa umelegea. Wakili alinieleza kwamba korti inaweza kugawa kosa, na sehemu yangu ikapunguza fidia. Ilipunguza kweli. Sikupenda, lakini nilielewa imetoka wapi, na kitu unachoelewa hakikuli usiku. Kwanza ilitoka ya matibabu, kidole kikafika Eldoret kikiwa bado hai, nyingine korti ikasema iwekwe mpaka nitimize miaka kumi na minane. Majirani wawili walisimama wakasema ukweli kuhusu mkanda. Hawakuwa wamekula.

Nawashukuru hao wawili. Namshukuru wakili, na daktari wa Eldoret, na Mama, ambaye amekaa hapo anaangalia chini, kumbe haya yangu nimeirithi. Kwenu nasema hivi: wekeni kila risiti, msifungue mdomo kula kabla daktari hajafungua wake, na mtu akiwaambia kidole ni kidogo, mwulizeni kama atatoa chake. Suluhu ni njema. Ila mtu asije akapatanishwa kidonda kingali kibichi, na mwenye kidonda hajaulizwa.

Nimebakisha asubuhi moja. Ile Jumapili, baada ya watu kuondoka bila kula, niliamka kukiwa na baridi, nikamfungua kondoo. Mama aliniambia nimtume mtu. Nikakataa. Nilizungusha kamba kwenye mkono wa kulia, wenye bandeji, makusudi, nikapita naye katikati ya soko la Ndalu wakati watu wote wanaenda kanisani. Wengine walisimama. Hakuna aliyecheka. Nilifika kwa mwenye mashine, nikamfunga kondoo kwenye mashine nyuma ya trekta, pale kifuniko kinapotakiwa kuwa, nikabisha hodi, nikangoja mpaka mlango ukafunguka.