Kibanio Chekundu cha Fundi Taratibu

Ndugu waombolezaji, majirani na jamaa wote, mtakayoyasikia kwenye karatasi hii hakuna atakayeyaamini. Ni habari ya boti isiyozidi urefu wa mkono wa mtu mzima, iliyozama kwa muda wa kufunga kamba za viatu, ikazamisha pamoja nayo karakana ya mtu, na karakana yenyewe haikuguswa na tone la maji. Wanaomfahamu mjomba wa marehemu, ambaye ndiye aliyeandika na ndiye anayesoma, watakonyezana na kusema, "Ameanza." Waseme tu. Safari hii chumvi imeachwa jikoni.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumamosi tarehe 9 Machi 1946, katika nyumba ya chumba na sebule nyuma ya maghala ya reli, mtoto wa pili kati ya wanne. Mama yake alikuwa dada mkubwa wa mjomba. Mjomba mwenyewe siku hiyo alikuwa na miaka mitatu, kwa hiyo alipata cheo cha ujomba kabla hajaweza kufunga vifungo vya kaptura yake. Wawili hawa walilala kitanda kimoja, mmoja kichwa huku na mwenzake kule, na mjomba ndiye aliyemfundisha marehemu mambo yote makubwa ya dunia, isipokuwa yale ya kweli.

Alianza shule Januari 1953. Jina la Taratibu alipewa na mwalimu wa imla. Wenzake walikuwa sentensi ya nne, yeye bado anachonga penseli. Lakini daftari lake likirudi, halina alama nyekundu hata moja. Mjomba aliishia darasa la sita, kwa makubaliano kati yake na mwalimu mkuu, na akili yake haikupungukiwa chochote. Marehemu aliendelea hadi chuo cha ufundi, akahitimu Desemba 1966.

Kuna jambo la utotoni ambalo lazima lisemwe hapa. Mwaka 1955 saa ya mezani ya baba yake ilisimama, na mtoto huyu wa miaka tisa akaifungua. Alitandika gazeti, akachora mahali pa kila skrubu, akaiweka juu ya mchoro wake. Mjomba, kwa utafiti wake wa kitaalamu, akaiba skrubu moja aone itakuwaje. Marehemu hakulia wala hakushitaki. Kwa siku mbili alikaa mbele ya gazeti lile, na kila wakati wa chakula alimtazama mjomba usoni, kwa upole, kama anayesubiri aongezewe mchuzi. Siku ya tatu mjomba akairudisha skrubu kwenye kisahani, akisema ameiokota uani. "Asante, Mjomba," akasema, na saa ikapiga. Mnaosikiliza lishikeni hilo, kwa maana lilijirudia, na mara ya pili mjomba hakuwa mwepesi kiasi hicho.

Januari 1967 aliajiriwa katika karakana ya simu za upepo za reli, chumba kirefu chenye madirisha ya juu na harufu ya solda, akafanya kazi humo hadi alipostaafu tarehe 31 Desemba 2001. Meza yake ilikuwa ya mwisho kabisa, karibu na sinki. Walikuwapo mafundi wa haraka, na walikuwapo watu waliorudia kazi za mafundi wa haraka. Yeye alikuwa kundi la pili.

Tarehe 17 Julai 1971 alifunga ndoa na fundi cherehani wa duka lililotazamana na lango la karakana. Mjomba ndiye aliyepeleka maneno ya posa, na inasemekana alimsifia bwana harusi kiasi kwamba bibi harusi aliuliza, "Sasa huyu unayemsema ndiye yule mrefu, au kuna mwingine?" Walijaliwa mabinti wawili na mtoto wa kiume mmoja.

Boti zilianza mwaka 1974. Mhandisi mmoja aliyekuwa anahama alitupa kwenye sanduku la vyuma chakavu rimoti mbili za kuendeshea boti za mfano, pacha, zimekufa. Betri zilikuwa zimevuja ndani na kufanya kutu ya kijani mpaka kwenye nyaya. Marehemu alizisafisha kwa siki, kisha spiriti, kwa mswaki wa meno wa mke wake, kosa alilolikumbushwa kwa miaka arobaini. Akabadilisha kapasita zilizokauka, akanyoosha antena. Mwezi wa tatu mota ndogo ya usukani ikageuka kushoto na kulia mezani, na mkewe anasema hiyo ndiyo mara pekee aliyomwona anakimbia. Rimoti moja akabaki nayo, ya pili akampa mjomba. "Tumegawana kila kitu," akasema, "hata upele."

Kisha akaunda boti, tishari ya kuvuta meli, kwa mbao za masanduku. Mkewe alikata reli za pembeni kutoka kwenye spoku za baiskeli na kushona turubai la kufunika sitaha, mshono mdogo wa kuhesabia kwa miwani. Boti ile ilikuwa ya wote wawili.

Ikawa kila Jumapili watu wanane, baadaye kumi na wawili, wanakutana kwenye bwawa la maji ya mji, mbele ya nyumba ya pampu. Sasa, rimoti za zamani zina tabia moja. Zile zinazotumia mawimbi ya aina moja zikiwashwa pamoja, boti inasikia mabwana wawili kwa mpigo na kuchanganyikiwa. Marehemu akatengeneza ubao, akautundika kwenye ukuta wa pampu, akabana juu yake vibanio vya nguo vilivyopakwa rangi, rangi moja kwa kila aina ya mawimbi. Unachukua kibanio chako, unakibana kwenye kola, ndipo unawasha. Ukimaliza, unarudisha. Chini aliandika kwa mkono wake: ASIYE NA KIBANIO ASIWASHE. Chekundu kilikuwa kimoja tu, cha yeye na mjomba, kwa zamu.

Alipostaafu, chumba cha uani kikawa karakana yake. Watu walileta rimoti zilizozeeka kuliko watoto wao, zenye swichi zilizoganda na nyaya zilizolika, naye akazifufua moja baada ya nyingine. Akikurudishia anasema, "Hii itakusikiliza." Hiyo ndiyo ilikuwa dhamana yake, na ilitosha.

Jumapili tarehe 14 Oktoba 2007, chama chao cha boti kilikuwa na wageni. Walikuja vijana wenye rimoti mpya za kisasa, na maneno mengi juu ya vitu vya makumbusho. Marehemu akabana kibanio chekundu kwenye kola, akashusha tishari majini ili waone. Ilikwenda kama inavyokwenda kila siku, polepole, imenyooka, hadi karibu na mlango wa kutolea maji.

Nyuma ya nyumba ya pampu, wakati huo huo, mjomba alikuwa na mgeni, mama mmoja mwenye mwavuli wa maua. Mjomba alikuwa anamweleza kwamba yeye ndiye mwanzilishi wa chama. Yule mama akamuuliza kile kisanduku mkononi ni cha nini. Mjomba akavuta antena hadi mwisho. "Hiki," akasema, "ndicho kinachoendesha kila unachokiona pale." Akawasha. Kola yake haikuwa na kitu. Akasukuma kishikio mbele mpaka kikakwama.

Tishari iligeuka ghafla, ikaenda kwa kasi ambayo haijawahi kupewa, ikapiga kona ya zege, ikapasuka ubavu, na maji ya mlango yakaivuta chini. Mjomba alisikia watu wakipiga kelele. Akazima, akafunga antena, akakitia kisanduku kwenye mfuko wa kitambaa, akazunguka ukuta na kuuliza, "Kuna nini?"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hakuna upepo wala radi. Miaka yote hii mmesikia mambo mengine, na mliyasikia kwa mdomo huu huu.

Siku ile kijana mmoja akasema, "Mzee, vya zamani ndivyo vilivyo. Tupa, nunua mpya." Marehemu alisimama na rimoti yake mikononi, anaigeuza kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba. Mjomba alikuwa hatua mbili pembeni yake. Angeweza kusema. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: "Ni mimi niliyewasha." Akasema, "Vitu vya zamani hivyo, mpwa wangu. Usijisumbue."

Wiki iliyofuata marehemu alipita nyumba kwa nyumba kwa miguu, akawaambia watu wanne aliowafufulia rimoti mwaka ule wasizitumie. "Sina uhakika tena na mikono yangu," aliwaambia. Watu wakaelewa vibaya, au wakaelewa kama walivyoambiwa. Kazi zikaacha kuja. Kufika Krismasi, kitasa cha chumba cha uani kilikuwa na vumbi upande wa nje. Bwawani hakurudi. Rimoti ile aliiweka mezani, imefunguliwa mgongo, na kila mjomba alipokwenda kumtembelea alimkuta ameinama juu yake na miwani miwili, mmoja juu ya mwingine.

"Mjomba," anauliza, "unadhani kosa liko wapi?"

"Vya zamani hivyo," mjomba anajibu. "Chai iko wapi?"

Mwaka 2012 binti yake mkubwa alimletea rimoti mpya, ya aina isiyoingiliana na nyingine. Aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka rafuni ndani ya boksi lake. "Nikibadilisha kabla sijajua kosa," alimwambia, "nitakuwa nimelihamisha tu." Mjomba alikuwapo, anakula karanga. Aliendelea kula karanga. Mwaka 2019 marehemu aliitoa tishari iliyoopolewa bwawani siku ile, akaiziba ubavu, akaipaka rangi, akatia mashine ya rimoti ile mpya. Alimwonyesha mjomba. "Hizi zinatafutana zenyewe," akasema. "Hazihitaji kibanio." Lakini majini hakuipeleka, na mjomba hakumwambia twende.

Moyo wake ulianza kuchoka mwaka 2018. Miguu ilivimba, ngazi tatu za mlangoni zikawa safari. Aprili mwaka huu alilazwa siku kumi na moja, kisha akaomba arudi nyumbani, kwenye chumba chenye dirisha la kuelekea uani. Tarehe 6 Juni 2021 alimuuliza mjomba swali moja la mwisho, ambalo mtalisikia karibuni. Mjomba aliinuka. Alisema anakwenda kujaza jagi la maji. Akalijaza, akalimwaga, akalijaza tena. Aliporudi marehemu alikuwa amelala. Jumatatu wageni walijaa, na mjomba akajiambia kwamba mbele za watu si vizuri. Jumanne tarehe 8 Juni, saa mbili na dakika kumi asubuhi, marehemu aliaga dunia, mkewe akiwa amemshika mkono.

Jana mjane alimkabidhi mjomba ile rimoti ya zamani. Ndani ya mfuniko mna karatasi, kwa mwandiko ule ule usio na alama nyekundu: "17 Februari 2009. Betri nzima. Nyaya nzima. Usukani mzima. Kosa halimo humu."

"Lakini aliikalia miaka mingine kumi, mimi nimemwona," mjomba akasema.

"Alikuwa anaikalia ukija wewe, Mjomba," mjane akajibu. "Siku nyingine zote ilikaa kabatini. Akisikia kengele ya baiskeli yako getini, ndipo anaitoa na kuifungua."

Basi, Taratibu, jibu ni hilo lililosomwa hapa, mbele ya watu, kuanzia kwenye mwavuli wa maua mpaka mwisho. Kosa halikuwa mikononi mwako. Wale wanne wenye rimoti zenu, kama bado mnazo, ziwasheni, zitawasikiliza. Kibanio chekundu kimebanwa leo kwenye kola ya koti lake ndani ya jeneza, na hakuna mwingine atakayekichukua.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja, boti moja nzima ambayo haijaguswa na maji tangu izibwe, na mjomba. Alale kwa utulivu, na mtu yeyote asimwingilie.

Limebaki lile swali. Jumapili ile ya tarehe 6 Juni, saa nne asubuhi, mjomba alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda na kumsomea marehemu wasifu huu kama ulivyokuwa mwanzo, kwa kuwa mwenyewe alisema hataki kuzikwa na makosa. Alisikiliza amefumba macho. Kwenye shule akasema, "Sikuwa wa kwanza, Mjomba. Nilikuwa wa tisa." Mjomba akafuta. Kwenye posa akacheka mpaka akakohoa. Kisha wakafika bwawani, na mjomba akainua sauti, maana hapo ndipo alipopapamba kuliko pote:

"Ghafla ukavuma upepo ambao haujaonekana tangu bwawa lichimbwe, mawimbi yakasimama kama kuta, radi ikapiga antena ya marehemu, cheche zikaruka hadi ng'ambo, na mjomba wake mpendwa, ambaye alikuwa amesimama mbali na chombo chochote, mikono mitupu, akajito—"

"Mjomba," marehemu akasema, macho bado ameyafumba. "Mikono mitupu?"