Unene wa Bomba la Titaniamu

Nje ya karakana ya Wakoli, upande wa Kitale unaoelekea Bungoma, kuna benchi lenye miguu mitatu na tofali moja. Wenzake humwita Wakoli Cheche, maana shati lake limejaa matundu ya moto. Miaka kumi na miwili amechomelea mageti tu. Sasa kiwanda kimempa bomba la titaniamu la kupitisha asidi, na kabla ya saa sita lazima amwambie injinia ukuta wake uwe milimita ngapi. Shemeji yake Mukhwana ndiye atakayesimama kando ya bomba hilo kila siku. Asubuhi hii Cheche ameketi hapo na wenzake wawili, wakinywa chai.

Cheche: Injinia anasema mshono, pale bomba imechomelewa, huhesabiwa mnyonge. Kama haujapigwa picha ya eksirei wote, unaupatia asilimia themanini na tano ya nguvu. So ukuta unaongezwa.

Pancha, fundi wa baiskeli: Uongo, bana! Umewahi ona geti ikivunjikia penye ulichoma? Huvunjika kando!

Profesa, mwalimu mstaafu: Geti haina presha ndani. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Ongeza milimita moja, ongeza ingine, mpaka uchoke.

Pancha: Si titaniamu ndiyo hutengeneza ndege? Weka nyembamba kama sahani!

Profesa: Afadhali avalishe bomba ingine juu, kama soksi mbili.

Pancha: Na ya tatu! Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Cheche: Hiyo inaingiaje hapa?

Pancha: Si asidi ni maji imekasirika?

Cheche alicheka, halafu akatazama saa. Ilikuwa saa tano na nusu. Aliogopa, na aliona haya kwamba anaogopa.

Hapo Chepkirui, mteja wa Pancha, alikuwa amefika kuchukua wilbaro yake iliyozibwa tairi. Alisikiliza kidogo, mkono kiunoni.

Chepkirui: Na hiyo bomba iko na mshono?

Pancha: Ati?

Chepkirui: Kwetu Kiminini bomba za maji ni aina mbili. Ingine imekunjwa ikachomwa ubavuni, ingine inatoka nzima, haina mshono. Kama ni nzima, hakuna mshono wa kuongezea ukuta. Yenu ni gani?

Cheche alitoa simu akampigia injinia.

— Cheche! Umeamua milimita ngapi?

— Bado, mkubwa. Kwani hiyo bomba iko na mshono ubavuni ama haina?



— Ngoja, injinia akasema. Wacha niende nikaangalie.