Abibo Mshamu na Mafunzo ya Makuli wa Mocímboa

Jamaa, majirani na nyote mliofika, mimi Shaibu, mdogo wake marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu Abibo Mshamu.

Alizaliwa Quionga tarehe 4 Agosti 1921, akasoma Kurani chuoni kwa baba yetu, kisha mwaka 1932 akaenda Palma kusoma Kireno hadi terceira classe, yaani darasa la tatu. Mwaka 1940 alianza ukuli katika bandari hii ya Mocímboa, na mwaka 1946 akamwoa shemeji yangu Mwanaharusi, wakajaliwa watoto wanne, wote tunao hapa.

Mwaka 1958 alihamishiwa pessoal, ofisi ya wafanyakazi, kazi yake ikawa kuandika makuli na kuwapangia zamu. Vita vilipoanza mwaka 1964 wazoefu wengi waliondoka, wakaletwa wakulima ambao hawajapata kuona winchi, na tarehe 9 Mei 1966 kamba ilikatika, mzigo ukamwangukia Lázaro, aliyeandikwa asubuhi ile ile, akafa palepale. Kaka alikwenda mwenyewe kumpa mjane habari, akarudi akamwambia mkuu wa bandari, "Kuanzia leo, ninayemwandika namfundisha kwanza, ndipo aende kwenye winchi."

Mkuu akamjibu, "Meli ya jeshi haingoji darasa."

Kaka hakuwatoa watu wa kuipakua meli ile, akashikwa, akidhaniwa anawasaidia walioko msituni, nasi tukakaa bila kujua kama tutamwona tena. Aliyemtetea ni Armando, Mreno aliyeendesha winchi, aliyewaambia wakubwa kwamba hatanyanyua mzigo juu ya vichwa vya watu wasiojua pa kusimama. Kaka akaachiwa mwezi Juni, akaruhusiwa kuwafundisha wageni wa kazi kukagua kamba, kuzijua ishara za mkono, na kupiga kelele winchi isimame, hata mbele ya mkubwa, na tangu hapo bandari hii haijazika kuli aliyeuawa na mzigo.

Mwaka 1971 alianza kuugua kifua, na jana, Jumatatu tarehe 12 Machi 1973, alfajiri, alifariki hospitalini.

Tunawashukuru daktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliotupikia na kulala nasi, na makuli waliochimba kaburi. Wale wageni walioandikwa Jumamosi, Buanali wa ofisini anasema msiguse mzigo, kesho asubuhi atawafundisha yeye.

Kaka, Mola akupumzishe kwa amani.