Mama Mkunjo, Aliyetukunja Sote Koridoni

31 Julai

Kwa Mama Mkunjo wetu,

Leo, baada ya miaka thelathini na mmoja, Mama Mkunjo anastaafu. Alianza kubuni protini wakati kompyuta ya maabara ilikuwa na ukubwa wa kabati na mwendo wa konokono. Protini ni mnyororo wa punje ndogo mno unaojikunja wenyewe, na umbo lake ndilo huamua kazi yake. Yeye hubuni minyororo ambayo haijawahi kuwepo duniani. Kompyuta husema, huu utajikunja vizuri. Chupa hujibu, thubutu! Mara nyingi tumekuta chupani uji mweupe tu, protini iliyogandamana ovyo, naye akicheka mpaka miwani inadondoka.

Ndipo akaanzisha desturi yake: protini ikikaidi, sote tunakwenda koridoni, tunashikana mikono na kujikunja kama mchoro wa protini unavyotaka. Mkurugenzi ni punje. Mpika chai ni punje. Hakuna mkubwa.

Mwaka huu protini yake ya mwisho, ya kuvunjavunja dawa ya wadudu iliyoingia kwenye maji ya kunywa, iligoma. Ilijikunja vizuri, lakini sumu hiyo haikuguswa. Mkurugenzi alikwisha kusema kwamba Mama akiondoka bila jibu, mradi unafungwa. Basi tukaitwa koridoni. Mlinzi akawa sumu, akaambiwa aingie kwenye uwazi katikati yetu. Akakwama kwenye mlango wa uwazi huo, kwa mhasibu wetu mnene.

"Mzee, vuta tumbo!" mlinzi akamwambia.

"Tumbo hili lilipanda cheo kabla yangu, liheshimu!"

Mama Mkunjo akapiga kigelegele. Kumbe hata kwenye protini yenyewe punje ya mlangoni ilikuwa kubwa mno! Akaweka iliyo ndogo kuliko zote, na Jumatatu iliyopita sumu ikatoweka chupani kama sukari kwenye chai. Mkurugenzi alirukaruka hadi kiatu kikamtoka. Mradi unaendelea.

Mimi ninayeandika nilikuwa punje ya pembeni. Tangu nimzike mke wangu, fundi wa chupa za maabara yetu aliyesimama kushoto kwangu, mkono wangu wa kushoto haukuwa na wa kuushika koridoni. Siku ile Mama aliukamata mwenyewe. "Shemeji, jikunje, unachelewesha sayansi!" Nikaangua kicheko, cha kwanza tangu msiba.

Asante, Mama. Uamke utakapo, utembee upendako, afya ikufuate kila uendako. Nasi utukumbuke.